Kilemba Alichopunga Fundi Hadi

Assalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Nyinyi wa Amu mjini, nyinyi wa Matondoni, wa Siyu na wa Mokowe, hadi Kiwayu kule mwisho, na nyinyi mliohamia Mombasa lakini mkisikia jina la nyumbani bado mwatega sikio. Vuteni busati mkae. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu.

Tunamkumbuka Fundi Hadi bin Abdulghafur, seremala wa Matondoni. Amefariki wiki hii, alfajiri ya Jumanne, na umri wake ulikuwa umepita miaka themanini. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Fundi Hadi wa Matondoni amefariki. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Huenda jina hilo hulijui. Basi nikitaja Fundi Keti Kwanda, utamjua. Ndiyo, huyo huyo. Ukimwagiza kiti, kabla hajakaza ule msumari wa mwisho wa mti, alikuita. "Keti kwanda," alisema, yaani keti kwanza. Ukikaa, naye achuchumae, atazame miguu ya kiti chini yako kwa jicho moja, ndipo apime. Kitanda hivyo hivyo. Pembea ya mtoto, mtoto aletwe. Mwenyewe asipoweza kuja, kazi husimama.

Mimi kitanda changu cha harusi alikiunda yeye. Akatuma neno kwetu: bibi harusi aje akilalie. Mama alishika kichwa. Mwari yumo ndani, amepakwa liwa, atokeje akalale mbele ya fundi? Mwisho akapelekwa shangazi yangu, ambaye mwili wake ni wangu mara mbili. Kitanda kile hakijalia hata leo.

Tulicheka sana, wasikilizaji wapendwa. Tulimwona ana kichaa kidogo cha ufundi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Jibu nimelipata juzi matangani, kwa bintiye, Bi Swafiya, na yeye alilipata kwa babake mwaka huu tu, alipolala kitandani asiinuke tena. Bi Swafiya ameniruhusu niliseme. Amesema, "Liseme lote, Bi. Baba amelibeba peke yake muda mrefu."

Haya basi. Turudi nyuma, kabla ya vile vita vya kwanza vya Wazungu. Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tatu.

Hadi alikuwa kijana, fundi wa vyombo vya majini katika kiwanda cha marehemu babake ufukweni Matondoni. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Jeilani. Baba alikwisha kufa. Nyumbani alibaki mama yao, Bi Mwanaarabu. Basi ni watu watatu hao: mama, Hadi mkubwa, na Jeilani mdogo.

Jeilani useremala haukumwingia. Alikuwa mtu wa kucheka na kuchekesha, mkono haushiki randa ukatulia. Akavuka kwenda Mokowe, akapata kazi kwa Mzungu mmoja aliyelima pamba bara. Watu walimwita Bwana Pamba. Huyu Bwana Pamba alileta kitu kilichowatoa wazee majumbani kwenda kutazama. Gari la mbio.

Si gari la kubeba mzigo. Gari la mbio. Bi Swafiya alivyoelezwa na babake, lilikuwa la kijani, pua ndefu, chini chini kama paka anayenyatia. Halina paa, halina mlango. Viti viwili tu. Magurudumu yake yana vijiti vya chuma kama vya baiskeli. Lilivushwa juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja, na Bwana Pamba akachimbua barabara iliyonyooka kutoka shambani kwake hadi karibu na gati ya Mokowe, kwa ajili ya gari hilo tu. Na mtu ambaye Bwana Pamba alimfundisha kuliendesha ni Jeilani wetu. Siku za homa, na Bwana Pamba homa ilimpenda, Jeilani ndiye aliyekuwa dereva.

Sasa ikatukia hivi. Siku moja Bwana Pamba mwenyewe aliligonga kisiki. Hakuumia. Lakini vyuma vya usukani vilipinda. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo penye jambo. Mbele ya gari lile kulikuwa na fito la chuma linaloshikanisha gurudumu la kulia na la kushoto, ili yageuke pamoja. Fito lile lilipinda. Vifundo vyake viwili vya ncha vilivunjika. Vikaagizwa vipya, vikaja kwa meli. Fito jipya, vifundo vipya, mkono mpya wa usukani. Fundi wa kuvifunga hakuja.

Bi Mwanaarabu alifurahi. Alisema gari limekufa, na mwanawe arudi nyumbani. Jeilani akanuna kama mtoto. Hadi akaingia kati.

"Mama, mimi nitalitengeza. Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Wewe walijua gari?"

"Gari ni mbao na chuma. Hakuna jini ndani."

Mama alipepeta mchele wake. Kisha akasema maneno ambayo Fundi Hadi aliyarudia kwa bintiye neno kwa neno. "Hadi, mimi gari silijui. Nakujua wewe. Mdogo wako ni amana kwako. Nimekupa mkononi, nitamtaka mkononi."

Mmesikia, wasikilizaji wapendwa? Amana. Hakusema fedha wala kazi. Alimpa mtoto wake.

Hadi akavuka Mokowe na sanduku la zana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuliinua gari juu ya magogo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Chombo huundwa juu ya magogo, hupimwa juu ya magogo, na hunyooshwa juu ya magogo. Magurudumu yakabaki yananing'inia hewani. Akafunga fito jipya. Akafunga vifundo. Fito lile lilikuwa na hesi ncha zote mbili: ukikaza huku, magurudumu yanakaribiana mbele, ukilegeza, yanaachana. Basi kazi iliyobaki ilikuwa kuyalinganisha. Yatazame mbele yote mawili, lisiwepo linalokwenda zake.

Akatoa uzi wake wa ngeu, ule uzi wa maseremala wa rangi nyekundu. Akauvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, upande huu, kisha upande ule. Akakaza hesi. Akapima. Akalegeza kidogo. Akapima tena. Jeilani amekaa juu ya pipa anakula embe.

"Kaka, wanyoosha gari au watunga shanga?"

"Nanyoosha shingo yako. Nyamaza."

Hata Bwana Pamba alitoka kitandani na blanketi lake begani, akapiga magoti, akatazama kwa uzi. Akasema sawa. Na kwa kweli ilikuwa sawa. Unywele haukupita. Narudia, maana Fundi Hadi alilirudia hili mpaka mwisho: pale juu ya magogo, magurudumu yale yalilingana.

Kisha wakalishusha gari chini.

Sasa, katika kiwanda cha akina Abdulghafur kulikuwa na desturi. Chombo kikishashuka majini, hakipimwi tena. Ukikipima umekionyesha kwamba hukiamini, na babake Hadi alikuwa akisema chombo kisichoaminiwa hulipiza. Uzi hukunjwa, hutiwa mfukoni, na fundi husema alhamdulillahi. Basi Hadi akakunja uzi.

Jeilani, kwa utani tu, akamuuliza, "Hupimi tena, sasa limekaa chini?"

"Kwani ni mtoto mchanga, apimwe kila siku?"

Wakacheka wote wawili. Bi Swafiya anasema babake alipofika hapa aliomba maji, na maji yenyewe hakuyanywa.

Maana gari si chombo cha majini, wasikilizaji wapendwa. Likiwa juu ya magogo, magurudumu hayana mzigo. Liliposhuka, uzito wote wa ile pua ndefu ulikalia vyuma vile. Vifundo vipya vikasogea vikatafuta makao yao. Magurudumu yaliyokuwa sawasawa yakafunguka mbele kidogo, kama miguu ya bata. Kidogo tu. Likiwa limesimama huoni. Likitambaa huoni. Ni mwendo unaoonyesha, maana kila lendavyo kwa kasi ndivyo yanavyozidi kuachana, na kila gurudumu lataka kwenda kwao.

Jeilani alilizungusha uwanjani polepole. Akasema, "Lanivuta kidogo."

Hadi akasema, "Mkono wako haujazoea chuma kipya."

Kesho yake Bwana Pamba alikuwa akitarajia wageni gatini. Akasema Jeilani alipitishe gari barabarani, alifungue mwendo, lisikike. Hadi akatangulia kwa miguu hadi mwisho wa ile barabara. Alitaka kuliona likija. Mnajua maseremala: ubao hawautazami ubavuni, wautazama kwa ncha, jicho moja limefumbwa. Akasimama kando ya barabara, akafumba jicho, akangoja.

Akasikia mngurumo. Akaliona vumbi. Kisha akaliona gari lenyewe, dogo, limenyooka kwake. Na jicho lile la fundi likaona kabla ya kichwa kuelewa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamepeana mgongo. Pua ya gari ilikuwa ikitikisika, kulia, kushoto, kulia.

Akapiga ukelele. Nani asikie? Gari linanguruma. Hakuwa na kitu mkononi. Akavua kilemba chake cheupe, akakikunjua, akakipunga juu kwa nguvu zake zote. Simama. Simama.

Lakini kile kiwanda chao kilikuwa na desturi nyingine. Siku ya kushua chombo majini, aliyekiunda husimama mbele yake, huvua kilemba, hukipunga juu. Maana yake: kimekubali, kileteni. Jeilani alizaliwa katika desturi hiyo. Alimwona baba yao akiifanya. Hadi mwenyewe alikuwa hajaifanya bado, maana alikuwa hajawahi kuunda chombo chake peke yake.

Jeilani aliona kaka yake amevua kilemba anampungia.

Akacheka. Hadi aliyaona meno yake. Akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akauinua juu kuitikia. Akaongeza mwendo.

Hadi akazidi kupunga. Na kila alivyozidi kupunga, ndivyo mdogo wake alivyozidi kuja.

Palikuwa na mfuo wa gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, umekatiza barabara. Kitu kidogo. Gurudumu la kushoto likaushika mfuo ule, likaenda nao. Gari likatoka barabarani, likaenda kugonga kisiki cha mkoma. Jeilani akarushwa.

Hadi alikimbia, kilemba kikiburutika nyuma yake. Alimkuta mdogo wake amelala chali kwenye majani, macho wazi, anapumua. Na neno la kwanza alilosema Jeilani lilikuwa hili: "Kaka, umeliona lilivyokuja?"

Hadi akasema, "Nimeliona."

Jeilani hakufa, wasikilizaji wapendwa. Lakini uti wa mgongo ulivunjika, na kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na habari tena ya mwili wake. Walimvusha Matondoni juu ya kitanda cha kamba. Mama yao alikuwa ufukweni. Alimtazama mwanawe aliyelala, kisha akamtazama aliyesimama. Hakuitaja ile amana siku ile, wala siku nyingine yoyote. Fundi Hadi alimwambia bintiye, "Laiti angalinitukana. Aliniwekea chakula kama kawaida."

Na hapa ndipo pagumu. Watu walikuja kumjulia hali Jeilani, na Jeilani, kama kawaida yake, akawa yeye ndiye anayewachangamsha. Kila mgeni alimsimulia. "Mwasikia? Kaka yangu hajapata kunisifu tangu nizaliwe. Lakini siku ile alivua kilemba akanipungia kama nimeshua jahazi. Nilijiona mfalme. Kuvunjika nilivunjika, lakini nilivunjika nikiwa mfalme." Wageni hucheka, hujifuta macho. Naye Hadi amekaa pale pale mkekani, anamenya chungwa la mgonjwa.

Angesema nini? Niambieni nyinyi. Angesema, nilikuwa nakuzuia? Angemwambia, nililiona kosa langu nikakupigia ishara, nawe ukaja kwa ajili ya ishara yangu? Mtu amebakiwa na furaha moja, naye ndiye aiondoe? Lakini akinyamaza, basi anakula sifa ya uongo kila siku, mbele ya mama yake. Alikaa baina ya hayo mawili, na hakuweza kwenda huku wala kule.

Vita vilipoanza, Bwana Pamba akaondoka. Gari likaachwa bandani kwa kutu. Waliobaki shambani walimwambia Hadi achukue atakacho. Akachukua yale magurudumu mawili ya mbele. Akaunda kiti chenye magurudumu, cha msaji, na mgongo wa ukili uliosukwa na mama yao. Kilipokaribia kwisha, akambeba Jeilani.

"Keti kwanda," akasema. "Ndipo nipime."

Jeilani akaketi. Akachungulia chini, akamwona kaka yake na uzi wa ngeu, amelala kifudifudi sakafuni. Akacheka. "Leo wapima na mzigo?"

Hakuwa na nia mbaya, alisema kama asemavyo yote. Hadi hakuinua uso. Akavuta uzi, akapima.

Kiti kile kilikwenda sawa. Ukikisukuma kutoka mlango wa chumba, chanyooka hadi kwenye daka la nyumba, ule ukumbi wa mlangoni, huhitaji kukigusa. Lakini mnaijua Matondoni. Ukitoka dakani ni ngazi, na chini ya ngazi ni mchanga. Basi kiti kilitoka chumbani hadi dakani, na dakani hadi chumbani. Miaka minne, hiyo ndiyo iliyokuwa barabara yake. Jeilani alisema, "Kaka, gari hili umelipatia. Tatizo ni nti haitoshi." Nti, yaani nchi.

Jeilani alifariki mwaka wa kumi na nane, katika ile homa iliyopita nyumba kwa nyumba. Alifariki akiamini kuwa kaka yake alimpungia kwa furaha. Hadi alikuwa amemshika. Hakumwambia.

Sasa mwaelewa kwa nini tuliitwa tukalalie vitanda vyetu. Mwaelewa kwa nini shangazi yangu alivushwa mitaa miwili akalale juu ya mbao. Na lipo jambo jingine, Bi Swafiya alinieleza akiwa ameshika ushungi wake mdomoni. Tangu siku ile Fundi Hadi hakumpungia mtu mkono. Hakumpungia yeyote.

"Nilipoolewa Siyu," aliniambia Bi Swafiya, "nilipakiwa mashuani na vyombo vyangu. Mashua ikang'oa. Watu wote walipunga, hata watoto ambao si wetu. Baba alisimama amefunga mikono nyuma. Nikasema moyoni, basi, amefurahi kunitoa. Nilikaa na neno hilo mpaka nina wajukuu. Nikimwamkia, namwamkia nalo."

Alfajiri ya Jumanne Bi Swafiya ndiye aliyekuwa naye. Sauti ilikwisha kumtoka mzee. Bi Swafiya aliinuka kutia maji ya udhu, na alipofika mlangoni akageuka. Babake alikuwa ameinua mkono. Mkono mmoja, umeinuka juu ya shuka, unatikisika.

"Bi," akaniambia, "sikujua. Labda aniita. Labda aniaga. Labda asema nisiondoke, labda asema niende nikasali. Maisha yake yote hakuinua mkono ule, na sasa umeinuka, nami siwezi kuusoma."

Nikamuuliza akafanya nini.

"Nilirudi nikaushika."

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Hadi amezikwa Matondoni, ubavuni mwa mdogo wake Jeilani na mama yao Bi Mwanaarabu. Amana imerudi ilikotolewa. Kwa niaba ya wote tunaofanya kipindi hiki, tunawapa mkono wa tanzia Bi Swafiya, wanawe na wajukuu, na ukoo wote wa Abdulghafur, walioko Matondoni na walioko Siyu. Mwenyezi Mungu awape subira, na amlaze marehemu mahali pema.

Kile kiti bado kipo. Nilikiona juzi, kimeegemezwa ukutani ili wageni wapate pa kukaa. Kitukuu mmoja alikisukuma akidhani hatuoni. Kilinyooka kama uzi kutoka chumbani, kikapita katikati ya miguu ya watu bila kumgusa mtu, kikafika dakani, juu ya ngazi. Sote tulionyoosha mikono tulikuwa mbali. Bi Swafiya alikuwa karibu. Alikishika.

Yuko mtu leo amekuinulia mkono, na wewe umeshaamua maana yake. Nawaomba, kabla hamjalala, mwendeeni.